Natoka Matombo

Nilipokuwa kidato cha kwanza katika seminari ndogo, mwalimu alitutaka tusimame mmoja mmoja, kila mtu ataje jina lake na mahali anapotoka. Zamu yangu ilipofika nilisimama wima, nikasema kwa sauti kubwa kama nilivyofundishwa nyumbani: "Natoka Matombo." Darasa zima likacheka. Mwalimu mwenyewe aliinama akajifanya anatafuta chaki chini ya meza. Nilikuwa na miaka 14, wala sikujua wanacheka nini. Usiku ule, bwenini, kaka mmoja wa kidato cha tatu alinieleza.

Kwa wasomaji wasiotoka Uluguru ni vizuri niseme mapema. Kwa Kiluguru, tombo ni titi, na matombo ni matiti. Katika kamusi ya Kiswahili, tombo ni ndege mdogo wa jamii ya kwale. Lakini kwa sikio la mtu wa mjini, jina la kwetu linakaribiana na neno jingine, ambalo halitamkwi mbele ya wazazi na sitaliandika hapa. Kwa hiyo jina letu linachekwa mara mbili: anayejua Kiluguru anacheka maana yake, na asiyejua anacheka mlio wake.

Nilipoingia seminari kuu nilikuwa nimeshajifunza kujihami. Nikiulizwa natoka wapi, nilijibu, "Morogoro." Akitokea wa kuuliza zaidi, "Morogoro ipi?", nilisema, "Pale pale mjini, upande wa Bigwa." Nilijiambia kwamba si uongo kamili, maana gari la kwetu hupita Bigwa. Wenzangu waliamini. Mwaka wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, nami nikawa mtu wa Bigwa.

Halafu mama alikuja kunitembelea.

Ilikuwa siku ya wazazi. Alifika amechoka, vumbi la barabara limemkaa kwenye kitenge, na kijana mmoja amemsaidia kubeba mkungu wa ndizi hadi getini. Ndani ya kikapu alikuwa na mdalasini aliousaga mwenyewe, kwa ajili ya chai ya mapadre. Wenzangu wakamkimbilia kumpokea mizigo, kama ilivyo desturi yetu. Mmoja wao, kijana mwenye adabu sana, akamsalimu:

"Shikamoo, mama. Karibu sana. Habari za Bigwa?"

"Marahaba, mwanangu. Bigwa? Mimi natoka Matombo."

Alilitamka jina lile kama anavyolitamka siku zote, kwa utulivu, kama mtu anayetaja jina la mama yake. Wenzangu wakajizuia. Mmoja alishindwa, akageuka pembeni na kukohoa kikohozi cha uongo. Mama hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

Hakusema kitu mchana kutwa. Alikula, akasali nasi Masifu ya Jioni, akawashukuru mapadre. Nilipomsindikiza getini kesho yake asubuhi, aliweka kikapu chini, akaniuliza taratibu, bila hasira: "Mwanangu, kule Bigwa una mama mwingine?"

Sikuwa na jibu. Gari lilikuja, akapanda, akaondoka.

Nilikwenda kuungama wiki ile ile. Nilimweleza padre kwamba nimesema uongo kuhusu nyumbani kwetu kwa miaka miwili, na kwamba nilikuwa nikifikiri ni jambo dogo hadi nilipoona uso wa mama. Nilitegemea malipizi ya kawaida. Nikapewa rozari moja, na juu yake jambo jingine: nikienda likizo, niulize jina la kwetu lilitoka wapi, na nisirudi bila jibu. Nayaandika haya kwa sababu nililipata, na nadhani si langu peke yangu.

Matombo iko upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, kwenye barabara itokayo Morogoro kwenda Kisaki. Ukitoka mjini unapita Bigwa, kisha Kiroka, kisha Mkuyuni. Barabara inapanda na kushuka, kona juu ya kona, na wakati wa masika kila mvua kubwa inaacha kazi. Pande zote ni kijani: migomba, minazi, mihogo, miembe na mifenesi, na mpunga mabondeni palipo na maji. Mdalasini na pilipili manga vinastawi pia. Ni nchi ya jembe la mkono. Miteremko yake ni mikali kiasi kwamba mtu anayepalilia shamba la juu anaweza kuongea na anayepalilia la chini bila kupaza sauti, wakati kwenda kumfikia ni mwendo wa nusu saa.

Nilipofika nilimwuliza mama. Akacheka kidogo, akasema, "Hayo kamwulize mjomba wako." Kwetu hilo ndilo jibu sahihi. Mluguru ni wa ukoo wa mama yake. Ukoo huo tunauita lukolo, na ardhi hufuata lukolo: shamba analolima mama lilikuwa la mama yake, na kabla yake la bibi yake. Mwenye sauti katika mambo ya ukoo ni kaka wa mama. Baba ana heshima yake, na kwake mtoto hupata jina la mtala, linalotokana na ukoo wa baba. Lakini udongo unaokulisha umetoka upande wa mama. Nilikulia ndani ya utaratibu huo bila kuufikiria, kama mtu asivyoufikiria mlango wa nyumba yao.

Mjomba alinisikiliza hadi mwisho. Kwa vile mimi ni mpwa wake, naye pia huniita mjomba, ila tangu niingie seminari kuu amechanganya mambo. Siku ile alisema: "Mjomba Frateri, kesho asubuhi uvae viatu vya shambani."

Tulitoka kabla ya jua. Tulipanda kwa njia ya mashambani hadi akaniambia nisimame na kugeuka. Juu yetu yalikuwa mawe mawili makubwa, yamekaa bega kwa bega, ya mviringo, yamechongoka kidogo kwa juu. Nimeyaona tangu utotoni. Lakini nilikuwa nikiyaona kama unavyoyaona meno ya ndugu yako, bila kuyatazama. Siku ile niliyatazama. Ukungu ulikuwa umelala chini yake kama kitambaa, na mahali pote pakaonekana kama mama aliyelala chali akimngoja mtoto.

"Haya," mjomba akasema. "Wenzako wanacheka nini?"

Nikamweleza, kwa maneno ya kuzungukazunguka.

Alinyamaza. Kisha akasema: "Waliotaja jina hili, unafikiri walikuwa walevi? Walikuwa wakulima. Mlevi akisikia titi anafikiria yake. Mkulima anafikiria maziwa."

Akanionyesha. Kutoka pale juu vinaonekana vijito, kimoja hapa kingine pale, vinatokea msituni na kushuka kati ya mashamba. Havikauki kirahisi, kwa kuwa mawingu ya Bahari ya Hindi hugonga upande huu wa milima kwanza na kuacha mvua yake hapa. Maji hayo hukutana na mengine, yakaingia Mto Ruvu. Wazee waliofika katika milima hii wakitafuta mahali pa kulima waliona mlima wenye umbo lile, unaotoa maji vile, wakaupa jina lililowajia wenyewe. Hivi ndivyo nilivyosimuliwa na mjomba, naye alisimuliwa na mjomba wake.

Majina ya huku kwetu mengi yana tabia hiyo. Mkuyuni ni mahali penye mkuyu. Sisi wenyewe tunaitwa Waluguru kwa sababu ya mlima, kwani lugulu ni mlima, na Waluguru ni watu wa milimani. Jina la namna hii halikutungwa ili kumsifu chifu wala kumkumbuka mshindi wa vita. Linamwambia anayekuja nyuma kuna nini hapa: mti wa kivuli, jiwe la kukuongoza, maji ya kunywa.

Nikafikiria safari ya maji yale. Ruvu inatoka milimani kwetu, inakatiza nyanda za Pwani, na inaingia baharini karibu na Bagamoyo. Kabla ya kufika baharini maji yake huchotwa, husafishwa na kusukumwa kwa mabomba hadi Dar es Salaam. Darasani kwetu siku ile ya kidato cha kwanza, waliocheka kwa sauti kubwa kuliko wote walikuwa vijana wa Dar es Salaam. Walikuwa wamelelewa kwa maji ya milima hii, na hawakujua. Wala mimi sikujua, vinginevyo ningewaambia.

Kuna jambo jingine lililonigusa kuhusu mto huo. Maji yanashuka kutoka Uluguru hadi Bagamoyo. Injili ilipanda kutoka Bagamoyo hadi Uluguru. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni yao Bagamoyo mwaka 1868. Kutoka hapo waliingia bara hatua kwa hatua: Mhonda mwaka 1877, Mandera mwaka 1881, Morogoro mwaka 1882, Tununguo mwaka 1884. Mwaka 1897 walifungua misheni Matombo. Angalia majina hayo. Wamisionari walikuja na watakatifu wao, wakaweka makanisa chini ya ulinzi wao, na hilo ni jema. Lakini jina la mahali waliliacha kama walivyolikuta. Padre kutoka Ufaransa aliandika "Matombo" katika kitabu cha ubatizo, chini ya jina la mtoto mchanga, na sidhani kama kalamu yake ilitetemeka. Bibi zetu walibatizwa Matombo, wakafunga ndoa Matombo, wakazikwa Matombo. Aibu ilikuja baadaye, na ililetwa na sisi tuliosoma.

Tuliposhuka, mjomba alisimama kwenye shamba moja lenye mteremko mkali. Akanionyesha mstari hafifu ardhini, kama ngazi iliyozeeka, umefunikwa na majani.

"Hii nayo uiandike," akasema.

Ilikuwa alama ya matuta ya ngazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru. Nia iliyotajwa ilikuwa kuzuia mmomonyoko, na mmomonyoko kweli ulikuwepo. Lakini mpango ulikuja kwa amri. Kila mwenye shamba alitakiwa kuchimba matuta ya ngazi, na asiyechimba alitozwa faini. Upande wa Mgeta, ambako watu walilima mboga za kuuza mjini, matuta yalishika, na mengine yapo hadi leo. Upande wetu udongo ni mwingine. Ule wenye rutuba ni tabaka jembamba juu. Ukichimba ngazi unaufukia na kuinua udongo mfu. Wakulima walisema hivyo. Hawakusikilizwa. Walichimba, wakapanda, na mahindi yakatoka ya njano.

Mwezi Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kupinga. Polisi walifyatua risasi, na mtu mmoja akafa. Baada ya hapo kazi ya matuta ya lazima ilikufa nayo. TANU ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Katika vitabu vya historia ya Tanganyika jina la kijiji chetu limeandikwa kwa sababu ya siku hizo, na hakuna mwanahistoria aliyecheka alipoliandika.

Mjomba alinisimulia haya akiwa ameegemea jembe. Mwishoni alisema: "Wale wakubwa walitaka kutufundisha ardhi ya mama yetu. Hawakuuliza hata jina lake maana yake nini." Sikuongeza neno. Nilikuwa nawaza kwamba nami kwa miaka kadhaa sikuuliza.

Nilirudi seminarini na jibu langu, na nilidhani mambo yamekwisha. Hayakuisha. Muhula ule tulikuwa tunasoma Agano la Kale, na siku moja mwalimu wetu wa Maandiko Matakatifu alifika kwenye jina ambalo Mungu anajitambulisha nalo kwa Abrahamu katika sura ya 17 ya kitabu cha Mwanzo: El Shaddai. Katika Biblia zetu tumezoea kulitafsiri Mungu Mwenyezi. Akatuambia kwamba wataalamu hawajakubaliana juu ya asili yake. Wengine hulihusisha na neno la Kiakadi lenye maana ya mlima. Wengine hulihusisha na neno la Kiebrania shad, yaani titi, na huonyesha baraka ya Yakobo kwa Yosefu katika sura ya 49 ya kitabu hicho hicho, ambapo jina Shaddai linafuatwa na baraka za matiti na za tumbo la uzazi. Mlima au titi: mjadala bado upo.

Wenzangu walikuwa wanaandika. Mimi kalamu ilisimama. Mlima au titi! Wazee wangu wasingeona haja ya mjadala. Kwao mlima na titi vilikuwa kitu kimoja, na walikuwa wanalima chini yake.

Sisemi kwamba wazee wa Uluguru walijua Kiebrania. Nasema tu kwamba Maandiko Matakatifu hayaoni haya mahali tunapoona sisi. Nabii Isaya, katika sura ya mwisho ya kitabu chake, anaichora Yerusalemu kama mama anayenyonyesha watoto wake hadi washibe. Na katika Injili ya Luka, sura ya 11, mwanamke mmoja anapaza sauti katikati ya umati na kulibariki tumbo lililomzaa Yesu na matiti aliyonyonya. Yesu hamkemei kwa kutaja neno hilo mbele ya watu. Anampeleka mbele zaidi: heri hasa ni ya wale wanaolisikia neno la Mungu na kulishika. Maria, mwenye matiti yale, ndiye pia aliyelishika neno kuliko wote.

Hapo nimejifunza mambo mawili. La kwanza, kwamba sina sababu ya kuona aibu. La pili ni gumu zaidi: kwamba kutoka Matombo, kwa kwenyewe, si sifa. Nathanaeli aliuliza kama kitu chema kinaweza kutoka Nazareti, na Filipo hakumpa somo la historia ya Nazareti. Alimwambia aje aone. Jina la kijiji linatetewa na maisha ya wanaotoka hapo. Mtu anaweza kujua asili ya jina la kwao hadi kizazi cha saba na bado akamkana mama yake getini.

Wapo wanaosema jina libadilishwe. Nimewasikia hata kwetu, vijana wenzangu wanaotafuta kazi mjini na wamechoka kutaniwa. Siwalaumu, nilifanya baya zaidi yao, kwa sababu nililibadilisha kimya kimya mdomoni mwangu. Lakini ninawaomba wafikiri jambo moja. Jina hilo liko katika vitabu vya ubatizo tangu mwaka 1897. Liko katika historia ya kupigania uhuru. Lina habari ya maji na ya mawe na ya ardhi inayopita kwa kina mama. Tukilifuta kwa sababu lugha nyingine inalisikia vibaya, tutakuwa tumekubali kwamba sikio la mgeni lina haki kuliko mdomo wa bibi.

Kwetu Morogoro tuna mfano mzuri. Padre Canute Mzuanda, mwaka 1958, alitoa kitabu kwa Kiswahili juu ya historia ya Uluguru. Kazi za kipadre hazikumzuia kuandika mambo ya watu wake. Sisi mafrateri tunakwenda likizo kila mwaka katika vijiji ambavyo wazee wake wanapungua, tukiwa na simu zenye uwezo wa kurekodi, na tunarudi na picha zetu wenyewe. Frateri anayesoma haya na aanze na swali moja tu, kwa mama au mjomba au babu: jina la hapa lilitoka wapi? Na mwanaparokia unayesoma haya, ikiwa una jibu, usingoje kuulizwa. Waite watoto, waonyeshe jiwe.

Mwaka huu tuliwapokea mafrateri wapya. Tulikaa kwa duara, tukajitambulisha. Zamu yangu ilipofika nikasimama, nikataja jina langu, nikasema, "Natoka Matombo." Wakacheka. Nikasubiri wamalize, nami nikicheka nao kidogo, kisha nikawaeleza kwa dakika mbili: mawe mawili, maziwa, Ruvu. Usiku ule kijana mmoja mpya alinifuata nje ya kikanisa, akaniambia kwa sauti ya chini jina la kijiji chao, ambalo alikuwa amelificha. Lilikuwa la kuchekesha kweli. Nikamwuliza lina maana gani. Akasema hajui. Nikampa malipizi niliyopewa mimi, ingawa bado sina mamlaka hayo.

Jumapili iliyofuata nilimpigia mama simu, nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama mdalasini wa mapadre umekwisha.